"Kwangu Inafanya" Si Jibu

Leo sina story ya mapenzi wala ya landilodi. Leo nataka kuwaambia vile programu yangu ya mistari kama 150 ilifanya mathe nusura aitwe mwizi kwenye chama chake, mbele ya wamama 22, na mimi nikiwa nimekaa hapo hapo na soda mkononi.

Wacha nianze mwanzo.

Mathe yuko kwenye chama cha wamama 23 huku Kayole. Kila mwezi kila mmoja anatoa 2,000, na mmoja wao anaondoka na 46,000. Mzunguko mmoja ni miezi 23, karibu miaka miwili, kwa hivyo nani yuko namba ngapi si mchezo. Ukiwa namba 2 unapanga maisha. Ukiwa namba 21 unaomba Mungu tu chama kisivunjike kabla zamu yako ifike. Sheria yao ni rahisi: mzunguko mpya ukianza, wale hawajawahi kuchelewesha mchango wanatangulia, wanafuatwa na waliochelewesha mara moja, halafu mara mbili, hivyo hivyo. Na watu wakiwa sawa, aliyejiunga kwanza anatangulia.

Hiyo hesabu Aunty mweka hazina amekuwa akiifanya kwa kitabu na biro, na kila mzunguko inamtoa jasho. Mwaka jana mathe akaniambia, "Wewe si unasoma hizo vitu za kompyuta? Hebu saidia Aunty basi."

Nikaandika programu kwa lugha ya C. Ndiyo, C, juu ndiyo tulikuwa tunafundishwa hiyo semista na nilitaka kuonekana nimeiva. Inasoma faili ya majina, ambayo tayari yamefuatana vile watu walijiunga, inahesabu nani amechelewa mara ngapi, inapanga, inatoa orodha. Kwa laptopu yangu ya Linux ilitoka safi. Nikalinganisha na kitabu cha Aunty jina kwa jina, hakuna kosa hata moja. Siku hiyo mathe alinipikia chapo bila hata kuombwa.

Shida ni kwamba Aunty hana laptopu. Ako na simu ya Android, ile ya kawaida, kioo kimepasuka kona moja. Nikamwekea Termux, nikahamishia msimbo wangu huko, nikaambia kompaila ifanye kazi. Ikakataa. Ati haijui kitu inaitwa qsort_r.

Kwa wale hawako kwa hizi mambo: ukiandika programu, huandiki kila kitu mwenyewe. Kuna kazi ndogondogo ambazo mfumo unakupa tayari, tunaziita fanksheni. Kuna ya kupanga orodha, ya kunakili maandishi, ya kuomba memori. Unaita jina, kazi inafanyika. qsort ni ya kupanga. qsort_r ni ndugu yake, inakuruhusu kuipa maelezo ya ziada wakati inapanga. Kwa laptopu yangu iko. Kwa simu ya Aunty haikuwepo.

Nikatoa qsort_r, nikaweka qsort ya kawaida. Kompaila ikanyamaza. Nikajaribu na majina 5, yakatoka sawa. Nikamwambia, "Aunty, hii sasa imeiva, tumia tu." Nikapanda mathree nikarudi campo nikijiona injinia.

Mkutano wa Desemba ukafika. Nilikuwa nyumbani kwa likizo, mathe akasema twende pamoja, nafikiri alitaka kunionyesha watu. Aunty akabonyeza simu, orodha ya mzunguko mpya ikatoka, akaanza kuisoma kwa sauti.

Wamama 14 hawakuwa wamechelewa hata mara moja. Hao wote wako sawa, kwa hivyo walifaa kufuatana tu vile walijiunga. Mama mmoja anauza mitumba, kati ya hao 14 alikuwa wa 3 kujiunga. Simu ilimweka namba 11. Mathe alikuwa wa 8 kujiunga. Simu ilimweka namba 2.

Nyumba ilinyamaza. Hata watoto walionyamazishwa huko nje walinyamaza kweli.

Halafu mama wa mitumba akauliza polepole, bila kupandisha sauti, "Na hii programu iliandikwa na nani?"

Kila mtu alijua ni nani.

Huyo mama alikuwa ameshaongea na mwenye kibanda kikubwa sokoni. Alikuwa anategemea 46,000 za mwezi wa tatu. Namba 11 ni mwezi wa kumi na moja, na hakuna mwenye kibanda anakungoja miezi minane. Na mimi, badala ya kuomba msamaha, nilifungua mdomo nikasema, "Lakini kwangu inafanya."

Mathe aliniangalia. "Kwako wapi? Kwani chama kiko kwako?"

Walikubaliana orodha isimamishwe hadi Jumamosi inayofuata. Tukarudi nyumbani kwa miguu bila kuongea. Nimewahi kuchapwa na mathe, nimewahi kufungiwa nje, lakini ile kimya ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote.

Usiku nikaketi na laptopu upande huu na simu ya Aunty upande ule. Faili ile ile. Msimbo ule ule. Kwa laptopu, mama wa mitumba ni wa 3. Kwa simu, wa 11. Nikarudia mara kumi, ni hivyo hivyo. Saa sita nikampigia msee mmoja tuliyemkuta campo akiwa mwaka wa nne, sai anafanya kazi za Linux. Nikamweleza. Hakucheka, na hiyo nilishukuru. Aliniuliza tu, "Ukishusha programu ya watu alafu uandike ./configure, ile maandishi inapita huwa unaisoma?"

Nikamwambia ukweli. Mimi nilifikiri hayo ni mapambo.

Ukweli ni huu. Kitambo, miaka ya themanini na tisini, kulikuwa na Unix za kila aina, kila kampuni na yake, na kila moja ilikuwa na fanksheni zake tofauti kidogo. Aliyetaka programu yake iishi kwa mashine zote alilazimika kumwachia mtumiaji achague mwenyewe kwa mkono: je, mfumo wako una hii? una ile? Mwaka 1991 jamaa anaitwa David MacKenzie, aliyekuwa akitunza programu nyingi za mradi wa GNU, alichoka. Chaguo zilikuwa zimefika karibu 20 kwa programu moja. Akaandika skripti ndogo ya kukisia majibu yenyewe. Hiyo skripti ndiyo ilikua ikawa Autoconf, toleo la kwanza likatoka Julai 1992, na hadi leo ndiyo inatengeneza zile configure nyingi unazoziona.

Na vile inafanya kazi ndiyo iliniamsha. Haiulizi mashine, "Wewe unaitwa nani?" Inaandika programu ndogo sana, kwa kawaida kwenye faili inaitwa conftest.c, inampa kompaila, inaangalia kama imekubali, inafuta, inaenda kwa swali lingine. Ukiona "checking for strlcpy... no", mtu amejaribu kweli kweli hapo kwa mashine yako sekunde hiyo na akakosa. Majibu yanaandikwa kwenye config.h, kitu kama HAVE_STRLCPY. Programu yako inasoma hapo: kama iko, tumia ya mfumo, kama haiko, tumia hii nimebeba mwenyewe. Na ikiwa huamini, kila jaribio limeandikwa kwenye config.log.

Kwa nini isiulize jina tu? Angalia strlcpy. Ni fanksheni ya kunakili maandishi bila kumwaga nje ya chombo. Ilitoka kwa watu wa OpenBSD mwaka 1998. Linux nyingi zinatumia maktaba ya glibc, na glibc ilikaa miaka na miaka bila kuikubali, hadi toleo la 2.38 mwezi wa Agosti 2023. Sasa mtu aliyeandika mwaka 2010 "kama hii ni Linux basi strlcpy hakuna" alikuwa sawa siku hiyo. Leo programu yake inasema uongo. Aliyeandika "jaribu kwanza, uone" bado yuko sawa na hajagusa mstari hata mmoja.

Umewahi kutafuta keja Nairobi? Unamwuliza caretaker, "Maji iko?" Anakujibu, "Iko." Kama umezoea huu mji, hauishii hapo. Kuna maswali matatu, na ndiyo hayo hayo ya fanksheni.

La kwanza: bomba liko? Hiyo ndiyo ile kuangalia jina. Mfumo una qsort_r ama hauna? Simu ya Aunty ilinijibu hapo kwa kukataa, na nilifaa kushukuru. Kitu kikikosekana, kompaila inapiga kelele na hauwezi kwenda mbele. Hii ni ngori ya bei rahisi.

La pili: mpira wako utaingia kwa hilo bomba? Yaani jina ni lile, lakini umbo ni tofauti. Hiyo qsort_r yenyewe, glibc wako nayo tangu toleo la 2.8 la mwaka 2008. Mac pia wako nayo. Jina lile lile kabisa. Lakini kwa Mac, ambayo imefuata njia ya BSD, vitu unavyoipa vimepangwa kinyume: yale maelezo ya ziada yanakuja kabla ya fanksheni ya kulinganisha, na hata ndani ya hiyo fanksheni ya kulinganisha yanakuja mbele badala ya nyuma. Ukiangalia jina tu, utaambiwa "yes". Ukiendelea kwa furaha, ukapuuza maonyo ya kompaila, programu inaanguka siku ya kwanza. Kwa hivyo jaribio zuri halitafuti jina peke yake. Linaandika mwito mzima, na vitu vyote kwa mpangilio unaotaka, na kuuliza kompaila: hii unaielewa hivi?

La tatu, na hili ndilo lilinimaliza: maji yanatoka? Bomba liko, mpira umeingia, lakini ukifungua Jumanne usiku unapata nini? Hapa kuangalia hakutoshi, lazima uendeshe jaribio uone tabia. Mfano ambao Autoconf wanao tayari ni malloc, ile ya kuomba memori. Ukiomba memori ya ukubwa wa sifuri, sheria za C zinaruhusu mfumo ukupe anwani ama ukunyime kabisa. Yote mawili ni halali. Kwa hivyo configure inaandika programu ya kuomba sifuri, inaiendesha, inaona. Na hata hapo kuna shimo: kama unajenga kwa laptopu programu itakayoishi kwa simu, hauwezi kuendesha jaribio la simu kwa laptopu. Inabidi kukisia. Autoconf za kitambo zilikisia vibaya kimakusudi, kwa usalama, na ndiyo maana waliojenga vitu vya simu wamekutana na ile kosa ya rpl_malloc haipatikani, wakakuna kichwa wiki nzima.

Sasa mimi. qsort iko kwa laptopu? Iko. Iko kwa simu? Iko. Umbo ni moja? Moja. Tabia je?

Msee wa mwaka wa nne akaniambia nimsomee ile sehemu ya kulinganisha watu wawili. Nikasoma. Inatoa idadi ya kuchelewa ya huyu kwa ya yule. "Na wakiwa sawa inarudisha nini?" Sifuri. "Sifuri maana yake nini?"

Nikanyamaza.

Sifuri maana yake: hawa wawili ni sawa, sijali nani atangulie. Hiyo ndiyo niliiambia mashine. Mimi, kwa mkono wangu, kwa wamama 14 walio sawa, niliandika sijali. Na simu ilinisikiliza.

Laptopu je? glibc, kwa kawaida, hupanga kwa njia ya kugawanya na kuunganisha, na hiyo njia haivurugi walio sawa, inawaacha vile iliwakuta. Iliwakuta wamefuatana vile walijiunga, ikawaacha hivyo. Simu inatumia njia ya ukoo wa BSD, ambayo inarusha vitu huku na huku kwa kasi na haina haja na nani alikuwa mbele. Hakuna mwenye makosa kati yao. Sheria za C hazijawahi kuahidi kwamba qsort itaheshimu foleni ya walio sawa. Laptopu yangu ilikuwa inanifanyia tu hisani, na mimi nikaiita haki yangu.

Na yale majina 5 niliyojaribu? Hii ndiyo inaniuma. Hiyo njia ya BSD, orodha ikiwa na vitu chini ya 7, haijisumbui. Inapanga kwa kuingiza kimoja kimoja, na kwa njia hiyo walio sawa hawavurugiki. Jaribio langu lilikuwa dogo sana kiasi kwamba halingeweza kuona kosa hata likitaka.

Nikamwuliza msee, basi si niandike jaribio la majina 23 kwenye configure? Nione kama mfumo unaheshimu foleni, nikipata unaheshimu niendelee? Akasema hapana. Akanipa kisa cha glibc wenyewe. Mwaka 2023 waliiondoa ile njia ya kugawanya na kuunganisha kutoka kwa qsort. Hawakuvunja sheria yoyote. Lakini programu nyingi zilikuwa zimezoea hisani kama mimi, zikaanza kuvunjika, na Januari 2024, kabla ya kutoa toleo la 2.39, wakairudisha. Hebu fikiria. Jaribio lako likipita leo, linakuambia mashine inafanya nini leo. Halikuambii imeahidi nini.

Kwa hivyo hii ndiyo maoni yangu, na mnaweza kunikosoa. Kile kinachoweza kugunduliwa, kigundue kwa kujaribu. Usikisie kwa jina la mfumo, usiseme "hizi simu ni mbaya", usiseme "Linux ni Linux". Lakini kile ambacho hakuna aliyekuahidi, usikitafute kwa mashine. Kiandike mwenyewe.

Marekebisho yalikuwa mistari miwili. Kama idadi ya kuchelewa ni sawa, linganisha namba ya kujiunga. Basi. Nikaendesha kwa laptopu na kwa simu, nikaweka orodha mbili kando kwa kando. Zilifanana hadi nukta. Nikaongeza jaribio la majina 23, wengi wao wakiwa sawa, liendeshwe kila nikijenga mahali papya.

Jumamosi nikarudi. Nilitaka kueleza mambo ya qsort, nikaona nyuso za wamama, nikaacha. Nikasema, "Mama zangu, kosa ni langu. Sikuiambia programu kwamba wakiwa sawa aliyejiunga kwanza atangulie. Mathe hajui hata hii kitu inaandikwa vipi. Naomba mnisamehe." Nikapitisha orodha iliyochapishwa, karatasi mkono kwa mkono. Mama wa mitumba alitafuta jina lake kwa kidole. Namba 3. Mathe, namba 8.

Halafu akauliza kitu ambacho sikutarajia. "Na sisi wenyewe tumeiandika wapi?"

Katibu akafungua kitabu cha chama. Akapekua kutoka mwanzo. Kuchelewa kumeandikwa, faini imeandikwa, hata anayekuja na mtoto mkutanoni ameandikiwa. Lakini hiyo ya walio sawa haikuwa mahali popote. Miaka yote Aunty alikuwa anaijua tu kichwani, na kwa sababu Aunty ni mtu mzuri, hakuna aliyewahi kuuliza. Ikaandikwa siku hiyo, kwa biro, wamama wote 23 wakatia sahihi.

Sitawadanganya kwamba kila kitu kiko sawa. Kuna mama mmoja bado anamsalimia mathe kwa upande. Na mathe hajawahi tena kuniomba nimsaidie Aunty na kitu cha kompyuta. Programu inatumika, lakini Aunty huhesabu pia kwa kitabu, halafu analinganisha. Zamani ningeona hiyo ni kunidharau. Sai naona ndiye pekee kati yetu aliyejua kazi.

Kwa hivyo wewe unayejifunza kuandika programu: watu unaowajengea wengi hawana laptopu kama yako. Wana simu yenye kioo kimepasuka, na pesa zao ziko ndani. Ukijipata unasema "kwangu inafanya", funga mdomo, chukua simu yao, ujaribu huko. Na si kwa majina 5.